Taa Iliyofifia Fundi Akiondoka

Vijana wa karakana wameniomba niandike kabla sijasahau. Hawakusema kabla sijafa, ila nimewaelewa.

Nimestaafu mwaka huu. Kazi yangu ilikuwa kutunza matangi ya samaki wa baharini, na hasa taa zake. Nikisema hivyo kanisani kwetu Kimara, watu hudhani nilikuwa nauza samaki. Sijawahi kuuza hata dagaa. Nilikuwa fundi umeme niliyeishia kwenye maji ya chumvi, vitu viwili ambavyo mwalimu wetu wa chuo cha ufundi alituambia tangu wiki ya kwanza tusije tukavikutanisha.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilipandishwa nilipopandishwa, na mshahara wangu umeniona nikistaafu kabla wenyewe haujakua. Nitaandika juu ya taa, kwa sababu nyie mnaobaki mtapigiwa simu nyingi kuliko zote za taa hafifu, na nyingi katika hizo hazitakuwa za taa.

Siku ya kwanza nilifika karakana yetu ya Sinza, ile iliyo nyuma ya gesti, nimevaa ovaroli mpya na bisibisi nne zimejipanga mfukoni kama kalamu za mkaguzi. Karakana ilikuwa na matangi ukuta mzima. Katikati alikuwa amekaa Mzee Mbaruku, aliyekuwa fundi umeme wa meli miaka mingi kabla hajateremka nchi kavu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kufuta vioo?"

"Mie ni fundi umeme, mzee."

"Nimekuuliza vioo."

Nikafuta vioo. Nilifuta mpaka bisibisi zangu zikaanza kuona aibu. Juu ya kila tangi kuna kioo kinachozuia maji yasirukie taa. Maji yanaruka hata hivyo, yanakauka, yanaacha chumvi, na chumvi ile inajenga ukungu mweupe usiouona mpaka upitishe kidole. Mzee Mbaruku alikuwa na chupa ya siki, kitambaa cha pamba kilichotoka kwenye fulana yake ya zamani, na sheria moja: taa ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Kwanza futa kioo. Halafu tazama maji. Halafu taa imening'inizwa juu kiasi gani, taima imewekwaje, umeme unaoingia una nguvu gani. Ukimaliza yote hayo na tatizo lipo, ndipo unaruhusiwa kuishuku taa, na hata hapo kwa heshima.

Kwa wale mliokuja juzi, matangi yetu magumu ni yale ya matumbawe. Samaki ukimwekea taa mbovu atakuvumilia. Tumbawe halivumilii, kwa maana linakula mwanga. Ndani ya nyama yake mna mimea midogo mno inayopika chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Mwanga ukipungua, tumbawe lenye rangi nzuri linageuka kahawia. Lile la nyama laini linajinyoosha kuelekea juu, shingo ndefu, na mengine yanaanza kuchelewa kufunguka asubuhi. Mwanga ukizidi ghafla linakuwa jeupe, na hilo ni baya zaidi. Kwa hiyo mtu asije akakwambia lina giza, nawe ukalimulika kwa hasira. Ongeza kidogo kidogo.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutoliamini jicho. Jicho huzoea. Zile tyubu za zamani zilikuwa zinachoka ndani kwa ndani, na mwenye tangi anaapa kwamba zinawaka kama siku ya kwanza. Mzee Mbaruku alikuwa na sahani nyeupe ya bati aliyokuwa akiizamisha chini ya tangi, anaitazama, anaguna. Tulipoletewa kipima mwanga cha kuzamisha, alikipokea kwa mikono miwili, akakipongeza, akaendelea na sahani yake. Kipima mwanga nikapewa mie. Nilikitunza ndani ya soksi ya mwanangu, na kimestaafu pamoja nami kikiwa kizima.

Kesi zilikuwa nyingi. Kulikuwa na gesti moja hapo hapo Sinza, mwenyewe alilalamika tangi la mapokezi liko gizani kila jioni. Nikakuta taa nzima, choki inayowashia tyubu nzima. Kijana wa mapokezi ndiye aliyeweka taima: iwashe saa mbili, izime saa kumi na mbili. Alikusudia asubuhi mpaka jioni, kama sote tunavyohesabu. Taima haikuzaliwa huku, inahesabu saa za Kizungu. Ikawa inawasha saa nane usiku na kuzima saa sita mchana, na wateja wa jioni walikuwa wakitazama giza wakidhani ndio mtindo. Matumbawe yenyewe hayakuwa na malalamiko, yalishazoea saa zile.

Kimara nako, jirani na kwangu, kulikuwa na zahanati yenye tangi kwenye chumba cha kungojea. Tulibadilisha tyubu, tukaongeza nyingine, tukateremsha taa karibu na maji, na matumbawe yakazidi kuwa kahawia. Mwishowe nikachota maji kwa glasi nyeupe. Kumbe mama mwenye zahanati alikuwa ametumbukiza gogo la mkoko nyuma ya mawe ili samaki wasikumbuke kwao kwa uchungu. Gogo lilikuwa linatoa rangi. Muda wote ule tulikuwa tunamulika chai.

Baadaye zikaja taa za LED. Waliotuletea walisema ni taa baridi. Ni baridi mbele tu. Mgongoni zina joto, ndiyo maana zimewekewa mapezi ya chuma na feni ndogo ya kuyapooza. Mkumbuke mgongo huo, nitaurudia.

Kesi ninayotaka muibebe ni ya Mtoni.

Mzee Shomari alikuwa mzamiaji. Kazi yake ilikuwa kwenda chini ya maji kukagua nguzo za magati na kuziba palipooza. Alipostaafu, wenzake walimchangia tangi, wakamfanyia mpango wa kibali na vipande vidogo vya matumbawe vilivyokuzwa kwenye kituo cha kuoteshea matumbawe, maana kuvunja ya baharini ni kosa na yeye mwenyewe asingeyagusa. Kimoja kilikuwa cha zambarau, chenye matawi, alikipokea kikiwa ukubwa wa kidole. Nilipoanza kwenda kwake kilikuwa kimefika sahani.

Mara ya kwanza mkewe, Bi Mwanaidi, ndiye aliyenifungulia mlango.

"Kwenu wapi mwanangu?"

"Tabora, mama. Mie Mnyamwezi."

Akapiga kofi. "Ala! Mtani wangu huyu! Shomari, njoo uone, mbeba mizigo kaletwa mpaka mlangoni."

Kwa vijana mliokulia mjini na hamjui: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wao hutuita wapagazi, kwa habari za misafara ya zamani. Sie huwaambia wanauza minazi ili wapate kucheza ngoma. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wageni, akakuchekesha msibani, akachukua kitu chako akaondoka nacho, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Nilimjibu Bi Mwanaidi kwamba nimeona minazi hakuna uani, bila shaka imekwisha kuchezwa. Tangu siku hiyo nilikuwa sinywi maji pale, nalazimishwa chai na kitumbua.

Halafu Mzee Shomari akapata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote na maneno yakampotea. Aliporudi kutoka hospitali, kitanda chake kiliwekwa sebuleni, na mtaalamu wa mazoezi akashauri kiwekwe hivi kwamba tangi liwe kulia kwake, upande ule ule uliolegea. Alitaka mzee awe na sababu ya kugeuza shingo. Ikawa kweli. Asubuhi taa ikiwaka, alikuwa akihangaika, anahema, anageuka taratibu mpaka anaiona ile zambarau yake. Bi Mwanaidi aliniambia hayo ndiyo mazoezi pekee aliyoyafanya bila kubembelezwa.

Miezi ikapita, zambarau ikaanza kuwa kahawia. Mzee akaacha kugeuka. Akawa analala anatazama dari.

Hapo ndipo niliitwa. Nilipiga simu siku moja kabla, kama tulivyofundishwa, kwa sababu si adabu kuvamia nyumba ya watu na ngazi. Nilikuta nyumba imefagiwa, ubani umechomwa, Bi Mwanaidi kavaa kanga mpya, na taa ya tangi inang'aa haina hata vumbi. Nilipima mwanga juu, katikati na chini. Ulikuwa mzuri. Kioo safi. Maji safi kuliko ya kwetu karakana. Nikaweka mkono mgongoni mwa taa: poa, feni inazunguka. Nikaandika kwamba tatizo halijaonekana, maneno ambayo fundi yeyote huyaandika akiwa amekunja uso.

Baada ya muda nikaitwa tena. Tumbawe lilikuwa limezidi. Nikapiga simu, nikaenda, nikapima: mwanga mzuri. Nikashuku umeme, maana Mtoni jioni watu wote wakiwasha pasi na majiko unashuka. Nikaacha stabilaiza ya kusawazisha umeme. Nikarudi tena, nikabadilisha taa nzima nikaweka mpya. Safari zote hizo taa ilikuwa inawaka vizuri mbele yangu kama mtoto anayejua mgeni yupo.

Idrisa, mtoto wao mkubwa aliyekuwa anaishi nao, alinisindikiza mpaka nje siku ile.

"Fundi, mie sikulaumu," alisema. "Lakini ishu iko hivi. Tangi linakula nusu ya sebule, mgonjwa mwenyewe halitazami tena. Kuna braza mmoja wa hoteli yuko tayari kulichukua. Nimemwambia mama tusubiri mpaka Idi. Likiwa bado hivi, linaondoka."

"Mama amesemaje?"

"Mama hajasema kitu. Anafuma tu."

Nilikuwa nimefuata sheria zote za Mzee Mbaruku, mpaka ile ya kuishuku taa. Jioni nikampigia simu yeye mwenyewe. Alikuwa ameshastaafu, anafuga kuku na kulalamika juu yao. Nikamweleza yote kwa mpangilio. Akaniacha nimalize.

"Hiyo taa umeiona lini ikiwa hafifu?" akauliza.

"Sijaiona mzee. Kila nikienda inawaka vizuri."

"Basi ugonjwa hujauona. Umetibu habari." Kisha akaanza habari za kuku.

Nilikasirika kidogo. Mwanafunzi akishakuwa fundi hapendi kurudishwa kwenye vioo.

Idi ilikuwa inakaribia. Kabla haijafika, Mzee Shomari alipata homa ya kifua, akalazwa, akaruhusiwa. Jumapili moja baada ya ibada nilinunua machungwa nikaenda kumjulia hali. Sikupiga simu. Mtu haombi miadi kwenda kumwona mgonjwa, na mtani ndiyo kabisa. Sikuwa na begi la kazi wala kipima mwanga. Nilikuwa na gauni la kanisani.

Idrisa alinifungulia, nikaingia. Mnaijua sebule ya namna ile, maana na kwenu iko hivyo hivyo. Kitambaa cha kufuma juu ya televisheni. Kitambaa juu ya redio. Kitambaa juu ya friji, na juu ya kitambaa cha friji kuna jagi, na jagi nalo lina kitambaa chake chenye shanga pembeni. Viti vyote, migongo na mikono. Nilikuwa nimeviona kila nilipokwenda na sikuwa nimevitazama.

Na juu ya taa ya tangi palikuwa na kitambaa.

Kilikuwa kizuri, lazima niseme. Cheupe, kizito, kimefumwa mara mbili, kina maua mekundu katikati, na pindo lake linaning'inia mbele na nyuma mpaka kugusa kioo. Chini yake tangi lilikuwa na mwanga wa magharibi, na saa ile ilikuwa mchana kweupe. Nilimsalimia mama, nikamsalimia mzee kwa mkono, nikasogea nikapitisha kiganja chini ya pindo. Joto la pasi. Feni ilikuwa inalia ndani kama nyuki kwenye chupa.

Taa hizi zikipata joto kupita kiasi haziungui wala hazizimi. Zimetengenezwa zijipunguze zenyewe, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu. Zikipoa zinarudi. Ndiyo maana jicho la nyumbani halikutambua kitu, na ndiyo maana mie, niliyekuja baada ya taa kuvuliwa na kupoa, sikukuta kitu.

"Mama," nikasema taratibu, "hiki kitambaa kinakaaga hapa siku zote?"

"Kinakaa. Nakitoaga tu ukisema unakuja. Fundi wa watu akute kitambaa kina vumbi? Aibu. Nakifua, ukiondoka nakirudisha." Akakitazama kwa mapenzi. "Nilikifuma hospitali, nimekaa chini kando ya kitanda chake, ile mara ya kwanza. Hajui kama nipo, mie nafuma. Nikasema akirudi, kila kitu humu ndani kina kitambaa, kitu anachokipenda kuliko vyote ndo kikae uchi?"

Nilisimama pale na machungwa yangu. Nilimwonea huruma sana yule mama, na huruma haikuwa na mahali pa kwenda. Jibu nililolitafuta safari zote zile nilikuwa nimelipata, na lilikuwa mikononi mwake. Idrisa alikuwa mlangoni anasikiliza. Nikisema kwa sauti ya fundi, mama atajua mbele ya mwanawe kwamba ndiye aliyekuwa akilizima tumbawe la mumewe kwa kazi ya mikono yake. Nikinyamaza, tangi linakwenda hotelini na mzee anabaki na dari.

Nikakumbuka kwamba sikuja kama fundi.

Nikaweka machungwa chini, nikashika kiuno, nikapaza sauti mpaka majirani wasikie.

"Jamani Mtoni, njooni muone maajabu ya Wazaramo! Nilijua mnamvisha mwali. Nikajua mnavisha redio. Kumbe nyie mpaka taa mnaivisha! Mama, taa hii inaumwa baridi? Dar es Salaam hii, mwezi huu, umeivalisha blanketi! Inapumulia mgongoni, masikini, umeiziba pua, imeona bora ifumbe macho isiungue. Na tumbawe la mzee wangu linakufa na giza kwa sababu Mzaramo anaona haya taa kukaa uchi! Kesho nikija nitawakuta samaki wamevaa kanzu!"

Bi Mwanaidi alinitazama, akakitazama kitambaa, akanitazama tena. Niliona imeingia. Niliona na pale ilipofika. Halafu akanyanyua kidevu, kwa sababu mtani hakuachi bila kitu cha kushikilia.

"Mnyamwezi huna adabu," akasema. Sauti ilitetemeka mwanzoni, ikasimama. "Miezi yote hiyo unaingia unatoka na mashine zako kwenye soksi, kitambaa kimekushinda kukiona! Kazi yenu kubeba, kutazama hamjui. Na machungwa haya makavu, umeyabeba kwa miguu toka Tabora?"

"Kwa kichwa, mama. Miguu ilikuwa inacheza ngoma yenu."

Kitandani pakatoka sauti. Sote tuligeuka. Ilikuwa sauti mbovu, ya upande mmoja wa mdomo, inakwama na kuanza tena. Ilituchukua muda kuelewa kwamba Mzee Shomari anacheka. Idrisa akatoka mlangoni akaja akapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa hajamsikia baba yake akicheka tangu augue.

Bi Mwanaidi alikitoa kitambaa kwa mkono wake. Alikikunja mara nne, akakiweka kifuani. Tukakaa tunamenya machungwa. Taa ikawa inapoa, na jinsi inavyopoa mwanga ukawa unapanda, taratibu, mpaka mawe ya chini yakaonekana. Mzee akahema. Shingo ikaanza kugeuka kulia. Machungwa yakabaki mikononi mwetu mpaka alipofika.

Jikoni, tukiwa wawili, aliniuliza bila utani.

"Kwa hiyo ni mie."

"Ni joto, mama."

"Nimekuuliza mwanangu."

"Ni kitambaa."

Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Mie nilimtakia kizuri."

"Najua mama," nikasema, na nilikuwa najua. Nilishika mkono wake mpaka maji ya chai yakachemka. Mafunzo yetu hayana sehemu hiyo, ila mtaihitaji.

Idrisa aliniambia wakati wa kunisindikiza kwamba mtani wa mama yake ana mdomo mchafu. Braza wa hoteli hakutajwa, siku ile wala baadaye.

Kazi ilibaki. Tumbawe lililozoea giza ukilipa mwanga wote mara moja litakuwa jeupe, kwa hiyo niliinyanyua taa juu zaidi, nikapunguza saa, nikawa naiteremsha kidogo kila nilipokwenda. Idi ilifika, chini likiwa bado kahawia, ncha za matawi zimeanza zambarau. Mzee alilishwa pilau akiwa amegeukia kulia, na Bi Mwanaidi akanitumia ujumbe kwamba punje nyingine zimeingia sikioni kwa sababu mgonjwa hataki kutazama kijiko.

Tangu kesi hiyo nilibadilisha namna ya kufanya kazi, na ndiyo sababu karakana mna desturi ambayo wengine wenu mnaiona ya ajabu. Safari moja katika kadhaa nendeni bila kupiga simu, kwa kisingizio chochote chenye heshima. Na mkipiga simu, kabla hamjagusa bisibisi, mwulizeni mwenye nyumba: mkisikia fundi anakuja, huwa mnaondoa nini? Wataona haya, watacheka, watasema hakuna. Subirini. Nimewahi kuonyeshwa pazia, kapeti lililokunjwa, hata paka aliyekuwa akilala juu ya taa na kufungiwa stoo kila nikija. Watu wa kwetu wanamtayarishia mgeni nyumba. Ni adabu nzuri na inaficha magonjwa.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilizunguka kuaga. Mtoni niliwaachia mwisho. Sikupiga simu.

Taa ya tangi ilikuwa imevaa. Moyo wangu ulishtuka kabla macho hayajafanya kazi yake. Kilikuwa kitambaa kipya, chembamba, kimezunguka ubavu wa taa tu kama kola ya shati. Juu, penye mapezi na feni, palikuwa wazi, na ukingo wa tundu ulikuwa umefumwa vizuri kwa uzi mwekundu. Nikaweka mkono. Poa.

"Nimeiachia pa kupumulia," Bi Mwanaidi alisema. "Nilipima kwa kamba. Usidhani nyie tu ndo mnajua kupima."

Zambarau lilikuwa limefika kwenye kioo cha mbele. Mzee Shomari alikuwa ameegeshwa mito, uso kulia. Maneno yalikuwa yamemrudia machache: maji, chai, Mwana, yaani mkewe. Utani wangu alikuwa hajawahi kuujibu. Nilimpa shikamoo, nikamwambia nimekuja kuaga, nimestaafu kama yeye, atakuja kijana mwingine. Nilikuwa nimesimama, begi la kazi begani, kwa mazoea.

Akanitazama. Akalitazama begi. Mdomo ukaanza kuhangaika, na Bi Mwanaidi akaninyooshea mkono nisiseme.

"Mnya," alisema. "Mnyamwezi."

Tukangoja.

"Tua mzigo."

Bi Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Mtani hujibu, ndiyo sheria, na nilikuwa na majibu ya miaka mingi. Nilitafuta moja, sikuliona. Macho yangu yalikuwa yamejaa.

Nikautua.